Korti ya Kimulimuli

Kama kuna watu wanaoweza kugombana mpaka povu liwatoke mdomoni kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, basi ni wale watano waliokutana kila Jumamosi mchana kwenye kibanda cha Fundi Saa. Mtu mwenyewe aliitwa Kimulimuli. Alikuwa shujaa wa vitabu vya katuni: mchana mpanga matofali mpole, jua likizama anawaka mwili mzima na kuruka juu ya mapaa akiwasaka majambazi. Alianza kuchapishwa Fundi akiwa shule ya msingi, na Fundi alikuwa na kila toleo tangu la kwanza, yote yamepangwa kwenye sanduku la bati chini ya meza yake ya kazi na kufunikwa nailoni ili mafuta ya saa yasidondokee. Wateja walishangaa kwa nini fundi mwenye mikono mizuri vile hamalizi kazi kwa wakati. Jibu walikuwa wakilipiga mateke kila walipokaa kwenye benchi.

Korti ilianza kama mzaha. Katuni iliyodumu miaka mingi huandikwa na mikono mingi, na mikono mingi haikosi kukorogana. Mwandishi huyu anamuua jambazi, yule anamfufua bila kuomba radhi. Mmoja anampa shujaa dada, mwingine anasahau kwamba kuna dada. Sasa mashabiki waamini kipi? Ndipo hao watano wakaamua kwamba kila kisa chenye utata kitaletwa mbele yao, kitajadiliwa, kisha mikono itanyooshwa. Kikishinda, kimo. Kikishindwa, hakimo, na kisa kisichokuwemo hakikutajwa tena pale kibandani. Mtu akijisahau akakitaja, Fundi aliinua mabega kama aliyepigwa na baridi, akasema, "Fungeni dirisha, upepo unaingia." Hapo wote walicheka, na msemaji alinyamaza kwa aibu.

Simu nazo zilizimwa na kutiwa kwenye kikapu kabla ya korti kuanza. Hilo lilikuwa agizo la Fundi, kama yalivyokuwa maagizo mengine yote. Alikuwa mtu wa aina hiyo. Kwenye saa, jino moja la gurudumu likikosea, saa nzima inasema uongo, naye alidhani watu na hadithi pia ni hivyo hivyo. Akishinda hoja alikuwa hatosheki mpaka aliyeshindwa atamke mwenyewe kwamba ameshindwa.

Toleo la kwanza la Kimulimuli Fundi alinunuliwa na mama yake. Mama ndiye aliyemsomea, akiigiza sauti zote, mpaka ya mbwa. Sasa mama huyo alikuwa mzee, macho yamezibwa na mtoto wa jicho, moyo umechoka, anaishi kwenye vyumba viwili mtaa wa pili kutoka kibandani. Hakuwa na makuu. Alikuwa na ombi moja tu, na alilirudia kila asubuhi mwanawe alipokuwa akifunga kamba za viatu.

"Siku yangu ikifika, mwanangu, nishike mkono. Sitaki kufa natazamana na ukuta."

"Nitakushika, Mama. Niende wapi?"

Aliambiwa mara nyingi mno, hata akafika mahali pa kujibu bila kuinua kichwa.

Aliyekuwa karibu zaidi na mama, tuseme ukweli, ni Kinyozi. Kinyozi alikuwa rafiki wa Fundi tangu walipokaa dawati moja, na chumba alichopanga kilipakana ukuta na cha mama. Kila adhuhuri alifunga kibanda chake cha kunyolea, akaenda kumsomea katuni, naye akiigiza sauti. Ya mbwa hakuiweza, na mama alimcheka.

Basi siku moja wachapishaji wakatangaza kwamba Kimulimuli anaanza upya. Yote ya nyuma yamefutwa. Shujaa ni kijana tena, hajawahi kuwaka, hajui lolote, na mama yake yu hai.

Hapo ndipo moto ulipowaka kibandani, maana kisa kilichoheshimiwa kuliko vyote kilikuwa kile walichokiita toleo la mama. Kimulimuli anamfukuza mwizi wa baiskeli, mwizi wa kawaida tu ambaye hata mgambo angemkamata, lakini umati unashangilia na yeye anaupenda umati. Anazunguka, anawaka, anajionyesha. Akirudi nyumbani anakuta taa imezimika na mama yake amekufa akimwita. Fundi alikijua kisa kile picha kwa picha, na alipokisimulia sauti ilimpanda.

"Leo tuna kesi moja," alisema Jumamosi hiyo, kioo chake cha kukuzia bado kimebana jichoni. "Huu unaoitwa mwanzo mpya. Nani anaanza?"

Alianza Karani, mtu wa ofisi ya maji, aliyesema kila kitu kama anayesoma tangazo. "Mimi nasema hakimo. Nimesoma miaka yote hii. Leo waniambie sikusoma kitu? Nilikuwa natazama nini, ukuta?"

"Mimi nimekipenda," alisema Twiga, muuza viatu mwenye shingo iliyompa jina. "Nyinyi mlianza utotoni. Mimi nilidandia katikati, kila nikiuliza huyu nani, mnanicheka. Angalau sasa tumeanza wote pamoja."

"Asante kwa kutukumbusha kwamba ulichelewa," alisema Fundi. Wakacheka, na Twiga akaikunja shingo yake.

Muuguzi, mwanamke pekee katika korti ile, alisema yeye huona watu wakifa kazini kila wiki, na mama mmoja kupona kwenye karatasi hakumdhuru mtu. Alisema hivyo, kisha akamtazama Fundi usoni na kuongeza haraka kwamba hata hivyo yeye ataenda na wengi.

"Mtanisikiliza sasa," alisema Fundi. "Maji yakimwagika hayazoleki. Kimulimuli ni nani? Ni mtu aliyechelewa. Basi. Kila anayemwokoa, anamwokoa kwa sababu kuna mmoja hakumwokoa. Mtoeni huyo mama kaburini, mmebaki na nini? Balbu! Balbu yenye miguu!" Akapiga meza, springi na skrubu zikaruka kwenye visahani. "Yule mama lazima afe!"

"Wewe naye," alisema Kinyozi taratibu. Alikuwa amekaa mlangoni, mahali pake, na kikombe chake cha bati cha bluu mkononi. "Yaliyopita si ndwele. Mtu akipewa nafasi ya pili unamlilia nini? Tena nikwambie, nimemsomea mama hilo toleo jipya. Amecheka mpaka kukohoa. Kasema, afadhali huyu mama amepona, maana lile la zamani lilimnyima usingizi."

"Mama yangu?"

"Mama yako. Anasema wewe ndiye uliyekuwa unalazimisha akusomee lile la kifo. Yeye hakulipenda hata siku moja."

Sasa, mtu mwingine angecheka, angesema kumbe, angeagiza chai. Fundi alijiona amevuliwa nguo hadharani. Alitoa kioo jichoni, akakifuta polepole, na waliomjua walijua kwamba anatafuta mahali pa kuchoma.

"Naelewa kwa nini unapenda mwanzo mpya," alisema. "Mkeo naye aliupenda. Alianza upya na yule mwenye lori, na wewe ukawa toleo la zamani."

Karani alicheka kwanza, kisha Twiga, ambaye alifurahi kwamba safari hii si yeye. Muuguzi alitazama chini. Mke wa Kinyozi alikuwa ameondoka mchana kweupe, majirani wakitazama, na kati ya wote wale kibandani ni Fundi peke yake aliyekesha na Kinyozi wiki ile.

Kinyozi hakupandisha sauti. "Mama wa karatasi akifa unapiga makofi," alisema. "Huyu wa nyumbani ulimsomea lini mara ya mwisho?"

Hilo ndilo lililomponza. Neno la kweli likisemwa mbele za watu halisameheki kirahisi. Fundi alisimama, akatazama wenzake mmoja mmoja.

"Naleta kesi ya pili," alisema. "Huyu hapa mlangoni. Mimi nasema hayumo. Hajawahi kuwemo. Anayekubali anyooshe mkono."

Walidhani ni utani, na kwa kuwa ni utani mikono ikanyooka: Karani, Twiga, na mwisho Muuguzi, ambaye mkono wake haukupita sikio. Kinyozi akacheka. "Haya, mmenifuta. Nani ananiongezea chai?"

Fundi akainua mabega. "Fungeni dirisha," alisema. "Upepo unaingia."

Utani ule haukuisha. Jumatatu Kinyozi alisalimu akipita, Fundi akaendelea kukaza skrubu. Jumamosi alikuta kikombe chake cha bluu kimejazwa mafuta ya taa, magurudumu ya saa mbovu yamelowekwa ndani yake. Alizungumza, wakazungumza juu yake kama mvua inavyozungumza juu ya bati. Akiketi mahali pake, Twiga alijifanya anataka kupakalia. Tena walipamba. Wakiwa wanasimulia mambo ya zamani yaliyomhusu, walimtoa na kuweka mtu mwingine. Ile siku Fundi alipovunjika mguu uwanjani, aliyembeba mgongoni sasa alikuwa Karani, ambaye wakati huo hata hawakujuana. Karani alisimulia jinsi Fundi alivyokuwa mzito. Kinyozi alisikiliza, akitabasamu tabasamu la mtu anayetafuta pa kuliweka.

Naye hakuwa mjinga, akajaribu kuwavunja kwa hila. Mara moja alimwambia Twiga kwamba kuna mtu anakimbia na viatu vyake vya maonyesho. Shingo ya Twiga ilitetemeka lakini haikugeuka. Mara nyingine alisimama mlangoni akipiga kelele, "Moto! Kibanda cha jirani kinaungua!" Mtaa mzima ulitoka na ndoo. Wale wanne hawakuinua hata nyusi, na Kinyozi akabaki nje akiwaeleza watu wenye ndoo kwamba alikuwa anatania. Walimtukana vya kutosha.

"Iko siku mtakufa kwa ukaidi," aliwaambia. Hakuja tena kwa majuma kadhaa, na Fundi alijihesabu mshindi.

Mama aliuliza, bila shaka. "Mbona Kinyozi huji naye jioni?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Binadamu hafanyiwi hivyo. Mtu hafutwi kama ubao."

"Mama, kuna upepo hapa," alisema Fundi, akacheka peke yake. Mama hakucheka. Alimwomba tu asisahau lile la mkono, naye akajibu kama kawaida, akitafuta kamba ya kiatu.

Jumamosi iliyofuata korti ilikuwa imekaa. Simu zimo kikapuni, Karani anasoma hoja zake, Fundi ana kioo jichoni. Kinyozi akaingia mbio. Alikuwa amevaa aproni yake ya kazi, nywele za mteja bado zimemng'ang'ania mikononi, na toleo jipya la Kimulimuli limekunjwa ndani ya ngumi.

"Mama ameanguka," alisema. "Fundi, mama ameanguka, anahema vibaya. Twende. Anakuita."

Wanne wakatazamana. Midomo ikaanza kucheza.

"Nimepiga simu zenu zote! Fundi!"

Fundi aliinua mabega. Alikuwa amekumbuka moto wa jirani na wale watu wenye ndoo. "Endelea, Karani," alisema. "Ulikuwa unasema nini kabla ya huu upepo?"

Kinyozi alimshika mkono wa shati na kuuvuta. Fundi akautazama mkono wake mwenyewe, akaupangusa kama mtu aliyeangukiwa na vumbi. Kinyozi akalia. Alilia waziwazi, kamasi na machozi, akisema mama, mama, kama vile ni wake.

Muuguzi alinyanyuka nusu. "Fundi, pengine..."

"Umesikia mtu?" aliuliza Fundi.

Muuguzi akamtazama yeye, akatazama mlango. Ni mtu aliyezoea kukimbilia wagonjwa, miguu yake ilikuwa imeshaanza safari. Lakini macho ya wale watatu yalikuwa juu yake, yakingoja kuona nani atashindwa.

"Hapana," alisema, akaketi.

Kinyozi alisimama kidogo tu. Kisha akageuka, akatoka mbio kurudi alikotoka.

"Leo kajitahidi," alisema Twiga. "Mpaka machozi!"

"Angekwenda kuigiza," alisema Karani, na wakacheka sana, kwa sababu kila mmoja alihitaji kusikia mwenzake anacheka. Fundi alicheka kuliko wote. Ndani yake kitu kilikuwa kinamchoma, hilo lazima lisemwe. Alijua sauti ya Kinyozi akiigiza, na ile haikuwa hiyo. Lakini kuondoka pale kulikuwa ni kusema amesikia, na kusema amesikia ni kushindwa mbele ya Twiga. Akaona aifunge kesi kwanza ndipo ajifanye ana kazi nyumbani. Kesi ilihusu iwapo Kimulimuli aliwahi kuogopa paka. Walijadili pande zote, wakapiga kura, ikaamuliwa kwamba hajawahi.

Kisha akachukua simu yake kikapuni na kuiwasha. Ililia mikononi mwake, ikalia, ikalia. Jina la Kinyozi lilijaa kutoka juu mpaka chini, na katikati yake jina la mama mdogo.

Alikimbia. Muuguzi alimfuata nyuma. Uani walikuta wanawake wa jirani wamesimama, wakawapisha. Mama mdogo, mdogo wake mama tumbo moja, alikuwa mlangoni.

"Ulikuwa wapi, wewe mtoto? Wanasema amekuita mpaka sauti ikamwisha. Ulikuwa wapi?"

Angesema alikuwa anamhukumu paka?

Ndani, Kinyozi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, bado na aproni yake, ameushika mkono wa mama kwa mikono miwili. Muuguzi aliinama, akagusa shingo, akainua kope. "Hajakaa sana tangu aondoke," alisema. "Tungekuja palepale..." Akasikia anachokisema, akaziba mdomo.

Fundi aliuchukua ule mkono mwingine. Vidole vilikuwa vimeanza kupoa. Alipiga magoti pale, na kwa vile kichwa chake kilikuwa hakijui kazi nyingine, kilianza kumpangia picha kwa picha: mwizi wa baiskeli, umati unaoshangilia, mlango, kitanda. Alikuwa amelitetea toleo lile miaka yote. Sasa alitamani kwa moyo wake wote mwandishi yeyote mahali popote aseme kwamba hili halimo, tuanze upya, kijana yuko mlangoni anafunga kamba za viatu na mama yake anamwambia jambo.

Chumba kilijaa. Watu waliingia, wakakaa sakafuni, wakalia, wakanyamaza. Karani na Twiga walifika, wakasimama pembeni wakitazama vidole vyao vya miguu. Joto lilikuwa la kufa mtu, na dirisha pekee, juu ya kichwa cha kitanda, ndilo lililoleta hewa kidogo. Mama mdogo alikaa karibu na Kinyozi, akamwekea mkono begani.

"Mwanangu, wewe ndiye ulikuwa naye. Tuambie. Aliteseka?"

"Mwanzoni tu, Mama mdogo. Nilipokimbia kumtafuta mwanawe, jirani alikaa naye. Niliporudi aliniuliza, yuko wapi? Nikamwambia anafunga kibanda, yuko njiani. Akatulia. Akaniambia nisome. Nikamsomea pale Kimulimuli anaporudi nyumbani, mama yake anamfungulia mlango na kumgombeza kwa kuchelewa." Akaupapasa ule mkono. "Alicheka."

"Halafu?"

"Akauliza tena, mwanangu bado? Nikamwambia amefika kona. Akanipa mkono. Halafu akanipa neno."

"Neno gani?"

"Ni la mwanawe. Alinishika hapa, akasema nisimwambie mwingine yeyote, nimpe yeye mkononi."

Fundi alikuwa upande wa pili wa kitanda, mkono mmoja tu kutoka kwake. "Niko hapa," alisema. "Ndugu yangu, niko hapa. Kasemaje?"

Kinyozi alikuwa bado anamtazama mama mdogo. Uso wake haukuwa na hasira. Hasira ingekuwa nafuu, mtu huweza kuiomba msamaha. "Nikimwona nitampa," alisema.

Mama mdogo alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Si huyo hapo?"

"Wapi, Mama mdogo?"

Watu wakageuza vichwa. Karani alifumba macho. Fundi aliizunguka ile miguu ya kitanda kwa magoti, mbele ya majirani wote, akalishika pindo la aproni yenye nywele za watu. "Naifuta hukumu," alisema. "Umesikia? Naifuta. Umo. Umekuwemo siku zote, ulinibeba mgongoni mimi, mimi ndiye mpumbavu. Waambieni! Karani, mwambie! Nyosheni mikono!" Twiga akanyosha wa kwanza, mkono mrefu mpaka karibu na dari. Karani akanyosha. Muuguzi akanyosha wote wawili, machozi yakimtiririka. "Umeona? Wote. Niambie basi kasemaje. Hata nusu yake. Nakuomba, kasemaje?"

Kinyozi aliushusha mkono wa mama polepole, akaulaza kifuani pake, akaulainisha mkunjo wa shuka. Kisha akasimama. Pindo la aproni likachomoka kwenye vidole vya Fundi. Akapita katikati ya waliokaa, akiomba samahani kwa kila mmoja, mpaka kwenye kichwa cha kitanda, akanyosha mkono na kulifunga dirisha.

"Jamani," alisema mama mdogo, akijipepea kwa mtandio. "Mbona unafunga, na joto hili?"

"Upepo, Mama mdogo," alisema Kinyozi. "Unaingia."